Mama Masanja Wawili Kwenye Picha Moja

Nimekabidhi funguo za gari la sinema, na vijana waliozipokea walinipigia makofi kwa bidii iliyonitia wasiwasi. Mtu akipigiwa makofi namna ile wakati anaondoka, ajiulize wamemsubiri tangu lini. Vijana hao hao ndio walioniomba niandike habari za miaka yangu ya mwanzo kazini, na mpaka sasa sijajua kama wanataka kusoma au wanataka nipate shughuli ya kunikalisha mbali na karakana yao. Nitaandika hivyo hivyo. Vyeo nitaviruka, na mshahara nitauruka, kwa sababu vya kwanza vilichelewa na wa pili uliwahi kuisha.

Nilianza baada ya Vita Kuu ya Pili, pale Shinyanga, kwenye gari la kijani lenye jenereta nyuma na maspika mawili juu ya paa. Kazi yangu iliitwa ukalimani. Sinema zetu za siku hizo zilikuwa hazisemi, aliyesema ni mimi. Nilisimama kando ya kitambaa cheupe na kipaza sauti mkononi, picha zikipita nikieleza kwa Kisukuma na Kiswahili. Mimi ni Msumbwa wa Kahama, nimekulia Nyasubi, na Kisukuma changu kilikuwa cha sokoni: kizuri kwa kununua mtama, kibaya kwa kueleza vijidudu vya kwenye maji. Watu walinicheka, lakini walinisikiliza.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Selemani, mwendesha projekta, mtu wa Tabora, mswalihina na mwenye maneno machache. Siku yangu ya kwanza alinionyesha sinema ya kilimo cha pamba, mimi peke yangu, ndani ya stoo yenye madirisha yaliyozibwa kwa magunia. Ilipoisha akaniuliza nimeona nini. Nikamweleza habari za kupanda kwa mistari, za kung'oa masalia na kuyachoma, nikaona nimejibu kama mwalimu.

"Hujaona," akasema. "Yule mkulima kifungo chake cha shati kimefungwa, kimefunguka, kimefungwa tena, na mikono yake yote miwili imeshika jembe. Nani kamfunga kifungo?"

Nikasema sijui.

"Basi wenzako watakaokaa chini pale mbele watajua. Na wasipojua watatunga. Ukitazama picha, anzia miguuni umalizie kichwani. Usianzie usoni, uso unadanganya."

Tangu siku ile sijawahi kutazama sinema kwa raha. Hata arusi za watoto wangu nilizitazama kuanzia miguuni, na mkwe wangu mmoja nilimtilia shaka kwa sababu ya viatu. Nilikuwa sahihi, lakini hilo si la hapa.

Vijana wa leo hamjui tulivyoibembeleza ile mitambo. Taa ya projekta ilisafiri mapajani mwa mtu, imefungwa blanketi, na barabara ya Isaka kwenda Kahama ilikuwa na mashimo ya kumtoa mtu meno. Mzee Selemani aliipakata taa ile kama mtoto mchanga. Mkanda ukikatika tuliukwangua kwa wembe, tukaupaka gundi yenye harufu ya kulevya, tukaubana mpaka ushike. Na kitu kimoja mkumbuke, maana kina kazi mbele: mkanda ukiusimamisha mbele ya taa, unaungua. Huwezi kuikamata picha moja uitazame mpaka ushibe. Unaweza kuurudisha nyuma na kuupitisha tena tu.

Watazamaji nao walikuwa wa namna namna. Isaka walikuwa wapagazi wa stesheni, wanatazama wamesimama, tayari kuondoka treni ikipiga honi. Kule mgodini Geita walikuwa watu wa kila kabila waliofuata dhahabu, Waislamu kwa Wakristo, na hao walibishana na picha: mtu kwenye kitambaa akiinama, wao wanamwambia aangalie nyuma. Lakini wa vijijini Usukumani ndio nilioogopa. Hao hawakutazama katikati ya picha. Mtu aliyekulia machungani hutazama pembeni mwa kundi, kwa kuwa ng'ombe huibwa pembeni, fisi hutokea pembeni. Sisi tunawaonyesha daktari katikati, wao wanauliza yule kuku kwenye kona ni wa nani na mbona hakurudi.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, ofisi yetu ikaamua kutengeneza sinema yake yenyewe, papa hapa kwetu, kwa sehemu nne za kuonyeshwa moja moja. Tulikuwa tumewaeleza watu miaka mingi wafunike visima na hawakufunika, basi mtu mmoja huko juu akaona kwamba kama mafundisho hayakuingia, labda hofu itaingia. Hadithi yenyewe ilihusu maiti anayefufuka kila jua likizama na kuja kunawa miguu kisimani, na kila anayekunywa maji yale anaugua. Mwisho wa sehemu ya nne ndipo ilipoelezwa kwamba si maiti, ni uchafu, na kwamba tujenge kifuniko. Kufika hapo watu walikuwa wameshatishika kiasi cha kutosikia habari ya kifuniko. Sisi wenyewe tuliiita sinema ya Mfu.

Tuliipigia katika kijiji kimoja upande wa Isaka, nitakiita Mwanundi. Msimamizi alikuwa Mzungu mmoja mwenye kofia pana, tukimwita Bwana Kofia, mtu mwema, mwenye haraka, anayeogopa mawingu. Mfu alikuwa askari mstaafu, Afande Kibwana, mrefu, aliyepakwa chokaa usoni. Mama wa nyumba iliyoandamwa alikuwa Mama Masanja, mjane wa makamo ya juu wa pale pale Mwanundi, mwenye uso ambao kamera iliupenda. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, na Bwana Kofia akasema macho hayo yanafaa sana. Mimi nilikuwa mtunza nguo na vyombo: nihakikishe kwamba mtu aliyeingia mlangoni na khanga hii anatokea ndani na khanga hiyo hiyo.

Makosa hayakukosekana. Afande alikataa kuvua buti zake za kiaskari, akidai ardhi ina miiba, na maiti wetu akafufuka akiwa amevaa buti zilizopigwa kiwi. Ng'ombe wa mwenye nyumba aliingia zizini mweupe akatoka na mabaka. Picha za usiku tulizipiga mchana kwa kioo cheusi mbele ya kamera, na tulipozionyesha, bibi mmoja aliuliza, "Usiku gani huu kuku wanadonoa?" Nilipomwambia Bwana Kofia kuhusu kuku, alicheka mpaka akakaa chini.

Katikati ya kazi, shemeji yake Mama Masanja, mdogo wa marehemu mumewe, akafa ghafla. Tulisimama kuzika. Aliacha mke kijana, Minza, na watoto wadogo. Desturi ya pale ilikuwa kwamba mjane anakaa ndani, amevua shanga na bangili zote, hatoki njiani, na kisimani hakanyagi kabisa mpaka matanga yaondolewe. Anachotewa maji na wenzake. Akikiuka, waliamini, anapeleka kifo kwenye maji ya wote. Baada ya mazishi kazi ikaendelea, na mimi nikaanguka kwa malaria, nikapelekwa hospitali Shinyanga. Niliporudi, sehemu ya tatu ilikuwa imekwisha kupigwa, mikanda imefungwa ndani ya makopo na kusafirishwa kwenda kusafishwa. Bwana Kofia naye akaenda likizo kwao. Niliuliza mambo yalikwendaje. Kila mtu alinijibu, "Salama tu." Jibu hilo halijawahi kunifurahisha.

Msimu wa mvua ukapita kabla mikanda haijarudi. Tulizunguka na sehemu ya kwanza na ya pili bila shida. Sehemu ya tatu tulianzia Mwanundi, kwa heshima ya wenyeji, giza lilipoanza kuingia. Watu walicheka kuwaona mbuzi wao. Kisha ikaja picha ya kisimani. Mwanamke, tunamwona mgongo, anakwenda kisimani na mtungi kichwani, amejifunga khanga ya Mama Masanja, ile yenye majogoo, ambayo kijiji kizima kiliijua. Nyuma ya kichaka Mfu anachungulia. Kicheko kikakatika ghafla.

Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, mzee Lukelesha, akasimama. "Bwana Sinema, hebu rudisha."

Mzee Selemani akarudisha. Tukapitisha tena. Na mara hii mimi nami niliona, pembeni kabisa, chini ya kihenge cha mtama: Mama Masanja amekaa, uso wazi, anaukanda mguu wake.

Akainuka Bundala, ndugu wa yule shemeji aliyekufa, mtu wa sauti kubwa, ambaye ndama wake walikuwa wakifa tangu masika. Akaenda mpaka kwenye kitambaa, picha ilipopitishwa mara ya tatu akaweka kidole pembeni. "Huyu nani?"

"Mama Masanja!" watu wakajibu.

Akahamisha kidole. "Na huyu anayekwenda kisimani na majogoo yake mgongoni?"

Kisha mtu fulani nyuma akatamka neno la Kisukuma, nogi, yaani mchawi. Wenyeji wa huku hawahitaji kuambiwa neno hilo likimwangukia mama mzee mwenye macho mekundu linaishia wapi. Wengine waliishia kufukuzwa. Wengine walikutwa asubuhi wamekatwa mapanga.

Nikashika kipaza sauti. Nikaeleza kwamba huyo anayetembea ni mtu mwingine aliyevalishwa nguo za Mama Masanja, kwamba sinema hufanya hivyo, na kwamba aliyekaa pembeni aliingia kwenye picha kwa bahati mbaya.

"Mtu mwingine nani?" akauliza Bundala.

"Sijui. Nilikuwa hospitali."

"Wewe si mtunza nguo?"

"Ndiyo."

"Mtunza nguo hajui nani kavaa nguo. Haya." Akawageukia watu, na watu wakaguna.

Mzee Lukelesha alikuwa mtu wa haki, lakini alikuwa na kijiji cha kuongoza. Akaamua kwamba tutakapopita tena kutoka mzunguko wa Geita, tuje na mwanamke wa mgongoni, yule tuliyemwona mgongo tu, aonekane uso. Mpaka hapo, Mama Masanja asipewe moto wala asiitikiwe salamu. Na baada ya hapo, akasema, yeye hatakuwa na uwezo wa kuwazuia vijana.

Asubuhi nilikwenda kwake kabla hatujaondoka. Alikuwa mlangoni, anachambua mboga peke yake.

"Shikamoo, mayu," nikamwamkia; mayu kwa Kisukuma ni mama.

"Marahaba, baba. Wewe umeniamkia. Leo umekuwa tajiri wa salamu kuliko kijiji kizima."

"Mayu, aliyekaa ni wewe. Anayetembea ni nani?"

"Ni mimi vilevile. Si ndivyo wanavyosema?"

"Mayu, watakuua."

Akaendelea kuchambua. "Mguu ulikuwa umechomwa na mwiba, umevimba, sikuweza kutembea. Zaidi ya hapo usiniulize. Nenda na gari lako."

Nakiri nilimshuku hata yeye. Mtu asiye na hatia anayekataa kusema anafanana sana na mwenye hatia, na mimi nilikuwa nimefundishwa kutoamini nyuso.

Tukashika njia. Mzee Selemani siku ile ya kisimani alikuwa Shinyanga na projekta yake, lakini dereva wetu, Yohana, alikuwepo. Nilimuuliza, akasema alikuwa chini ya gari, anakaza nati. Nikamuuliza nati gani, akanitajia nati. Nikamuuliza tena tulipofika Kahama, akanitajia nati nyingine. Afande Kibwana tulimkuta Geita, amepata kazi ya ulinzi getini, na buti zake zile zile.

"Mimi nilikuwa kichakani," akasema. "Chokaa imeniingia machoni, nimeambiwa nitoe macho, nimeyatoa, sioni kitu. Hata mwanamke mwenyewe nilisikia miguu yake tu."

"Miguu yake ilikuwaje?"

"Myepesi. Si ya mtu mzima."

Niliwaona wote wawili waongo. Baadaye nilitambua kwamba Afande alisema kweli tupu, na Yohana aliogopa tu kuingizwa kwenye mambo ya ukweni, kwa kuwa mkewe alitoka kijiji cha jirani.

Kilichobaki ni mkanda. Nilimwambia Mzee Selemani tukikate kile kipande, tukitupe, yaishe. Akanitazama kwa huruma.

"Wameshakiona. Ukikikata, umewaambia kwamba kulikuwa na kitu cha kuficha. Kitazame."

Basi tulionyesha sehemu ya tatu mgodini mara mbili, tukaionyesha tena Buseresere kwa wafanyabiashara, na kila mara mimi nilisema kwa mdomo huku macho yangu yakimfuata mwanamke wa mgongoni. Mara ya kwanza nilimwanzia miguuni kama nilivyofundishwa. Mara ya pili nikaona kwamba karibu na kisima anasita, anageuza kichwa kidogo upande, kama mtu anayeogopa kuonwa. Buseresere ndipo nilipoona kile ambacho hakikuwepo. Kifundoni hakuna kitu, mkononi hakuna bangili, shingoni hakuna hata ushanga mmoja.

Tulipokuwa tunakunja kitambaa nikamwambia Mzee Selemani. Akasimama na kamba mkononi.

"Mwanamke wa Kisukuma bila hata ushanga," akasema. "Huyo amevua."

"Ni yule mjane wa shemeji yake Mama Masanja. Minza."

Kama ni Minza, basi alikwenda kisimani ndani ya matanga ya mumewe, kitu ambacho watu hawangekisamehe, na hasa Bundala mwenye ndama wanaokufa, ambaye kwa mila ndiye angebaki na watoto wa ndugu yake iwapo mama yao atafukuzwa. Sasa nilielewa kwa nini Mama Masanja alichambua mboga na kunyamaza.

"Ukimtaja," akasema Mzee Selemani, "umemwokoa mmoja kwa kumuuza mwingine."

"Na nisipomtaja?"

"Sijui, Msumbwa. Mimi kazi yangu ni projekta." Lakini usiku ule nilimsikia anaswali muda mrefu.

Tulirudi Mwanundi mchana. Nilimkuta Minza uani anatwanga, nywele alizonyolewa msibani zimeanza kurudi, shanga zimerudi shingoni, watoto wanacheza pembeni. Hakuacha kutwanga. Nikamwambia taratibu kwamba ninajua, na kwamba sitamtaja mtu yeyote, leo wala kesho.

"Sina la kusema, Bwana Sinema."

"Mama Masanja hapewi moto."

"Anapewa," akasema, na mchi ukasimama. "Kila alfajiri nampelekea kaa la moto ndani ya kigae, kabla watu hawajaamka. Nimemwambia niseme. Ananikataza. Ananiambia, mimi nimeshaishi, wewe una watoto. Unataka nifanye nini?"

Niliondoka pale nikiwa na hasira: na Bundala, na kisima, na kamera, na Bwana Kofia aliyekuwa kwao anakunywa chai, na mimi mwenyewe na malaria yangu.

Jioni watu walikuja wengi kuliko siku zote, na safari hii wanaume walikuja na fimbo. Mama Masanja alikaa mbele, peke yake, nafasi tupu pande zote. Kabla ya kuwasha, nikajaribu akili zangu. Nikawaambia: Mama Masanja siku ile alikuwa na mwiba mguuni, anachechemea, tazameni anayetembea, je, anachechemea? Niliona hoja yangu ni chuma. Mzee mmoja akainuka, akanijibu kwa upole kabisa.

"Mchawi akijigawa, mwanangu, ugonjwa anauacha kwenye ule mwili uliokaa."

Watu wakaitikia, na nikaona kweli kwamba kwa hoja sitoboi. Mzee Lukelesha akauliza kama mwanamke wa mgongoni amekuja. Nikasema sinema ipite kwanza. Nilikuwa nanunua muda tu.

Mzee Selemani akawasha. Nyumba ikapita, mbuzi wakapita. Ikaja picha ya kisima, na mwanamke akaanza kutembea na mtungi wake. Bundala akanyoosha fimbo pembeni mwa kitambaa. Wakati huo huo, upande wa wanawake, mtu akasimama. Alikuwa na mtungi kichwani. Akapita katikati ya watu waliokaa, akaingia kwenye mwanga wa projekta akitupa mgongo, akatembea kuelekea kwenye kitambaa. Kivuli chake kikapanda juu ya yule mwanamke wa kwenye picha, na kwa hatua chache tuliwaona wanakwenda pamoja, bega lile lile likishuka kidogo, mkono ule ule ukining'inia bila kushika mtungi. Picha ikapita, ikaja nyingine. Yeye akageuka, mwanga ukampiga usoni.

"Ni mimi," akasema Minza. "Mayu alikaa pale. Anayetembea ni mimi."

Nikamwashiria Mzee Selemani azime. Yohana akawasha taa za gari.

Bundala ndiye aliyepata sauti kwanza. "Mjane mwenye matanga! Umekwenda kisimani na matanga ya ndugu yangu! Ndiyo maana ndama wangu wanakufa!" Fimbo zikaanza kuinuka, na mimi nikamwona Minza anawatafuta watoto wake kwa macho.

Mama Masanja akainuka. Tangu mashtaka yaanze hakuwa amefungua mdomo mbele ya watu.

"Bundala, shemeji yangu," akasema. "Tangu siku ile maji yale nani hajayanywa hapa? Wewe umeyanywa. Umeyaoga. Pombe ya arusi ya binti yako imepikwa kwa maji yale, na ulikunywa mpaka ukabebwa. Umekufa?"

Mtu akacheka nyuma, halafu wengine.

"Na ndama wako wanachungwa mbugani kwenye kupe, kila mtu anajua, umeambiwa ukakataa. Kama kuna kosa la kisimani ni langu. Nilimtoa ndani mimi, watu wakiwa mashambani, nilimvalisha khanga yangu mimi. Mnipige mimi, lakini msinipige kwa uchawi."

Mzee Lukelesha akawaacha watu waseme mpaka wachoke. Kisha akatoa uamuzi: Minza atatoa mbuzi, kisima kitakaswe kama desturi inavyotaka, basi. Mama Masanja apewe moto na kila nyumba, na asiyempa atamweleza mwanangwa sababu. Bundala akauliza habari ya watoto wa ndugu yake.

"Watoto hawakuchota maji," akasema mzee. "Watakaa na mama yao."

Watu walianza kuondoka. Mimi sikuwaamini. Nilisimama kando nikiangalia nani anaondoka na nani, nani anageuka nyuma, fimbo ya nani iko wapi, na Mzee Selemani akaamua peke yake kwamba gari litalala uani kwa Mama Masanja. Hakuna aliyekuja. Hata hivyo kwa miaka mingi kila tulipopita Mwanundi nililiegesha gari pale pale, na vijana walidhani napenda kivuli.

Usiku ule ule, kabla hatujafungasha mitambo, Minza alikuja kwenye projekta, mtungi ungali kichwani, Mama Masanja akichechemea nyuma yake, maana mguu ule haukupona vizuri.

"Bwana Sinema, nilikuwa nimewapa mgongo. Sikujiona. Naweza kujiona?"

Mzee Selemani akaurudisha mkanda na kuwasha. Tulikuwa sisi wachache tu. Minza akajitazama anavyokwenda, kutoka nyumbani mpaka kisimani, anavyosita, anavyogeuza kichwa. Nikamuuliza jambo lililokuwa limenikaa rohoni tangu Buseresere: alijua hatari yake, kwa nini alikubali?

"Nilikuwa nimekaa ndani siku nyingi mno. Giza, moshi, kilio. Siku ile mayu aliposema mguu unamuuma, hawezi kutembea..." Akasimama hapo, kisha akamalizia, "nilifurahi."

Akaanza kulia kwa kuionea haya furaha ile aliyoipata ndani ya matanga ya mumewe. Mama Masanja akamtua mtungi kichwani, akamshika mkono, wakaenda nyumbani.